Mwajabu na Kibao cha Bi Raya

Mwajabu Bwanausi hakuwa mtu wa kusamehe, na hapa Bagamoyo hakuna amjuaye aliyewahi kumsingizia sifa hiyo. Alikuwa nesi wa zahanati huko Zinga, na akina mama waliochelewesha chanjo za watoto wao walikuwa wakishuka barabarani huku wanaomba dua wasimkute zamuni. Wakimkuta, aliwachambua kama mchele, kisha akawapima watoto wao kwa mikono laini kuliko ya nesi mwingine yeyote. Ulimi wake na mikono yake havikuwahi kukubaliana.

Alizaliwa Dunda, kitindamimba wa Mzee Bwanausi na Bi Raya, katika nyumba iliyojulikana kwa heshima yake. Watu wa nyumba ile hawakugombana barazani. Wakikosana, walifunga mlango kwanza. Kaka yake mkubwa, Mikdad, alisomea muziki mpaka akawa mwalimu wa chuo. Hoteli moja ya ufukweni ilipofungwa, Mikdad aliichukua piano ya hoteli ile, ikaletwa kwa mkokoteni, wanaume wanaisukuma na watoto wa mtaa wanaifuata nyuma kwa makelele. Jirani mmoja mcha Mungu akasimama mlangoni kusema kuwa anayeingizwa mle ndani ni shetani.

"Shetani gani mzito hivi?" Bi Raya akamwuliza. "Hebu shika pembe hiyo uwasaidie wenzako."

Akashika.

Mwajabu alikuwa msichana anayesomea uuguzi wakati huo. Kila aliporudi likizo alikaa kwenye kiti kando ya kaka yake, akafundishwa. Vidole vyake vilikuwa vifupi, na Mikdad alipenda kumtania kuwa amezaliwa na mikono ya kukandia unga. Alijifunza hivyo hivyo, kwa ubishi. Hakupiga mbele ya watu. Alipiga nyumbani, na hiyo ilimtosha.

Twalib Hamidu alianza kuja pale kupiga gitaa na Mikdad, mwisho akaondoka na dada mtu. Walioana kwa harusi nzuri, wakapata binti, Sophia, ambaye sasa ameolewa Tanga. Twalib alikuwa hodari wa gitaa kuliko mtu yeyote kati ya Bagamoyo na Dar, na kwa bahati mbaya alilijua hilo. Alipiga mahotelini, akazoea kupigiwa makofi, na mtu aliyezoea makofi huona nyumbani pamepoa. Akawa anaaga kila wiki kuwa ana kazi Dar.

Mwajabu aliujua ukweli akiwa kazini. Mwanamke mmoja mjamzito alikuja kliniki kuanza kadi, mpole, amevaa dera jipya. Alipoulizwa jina la baba wa mtoto akasema bila wasiwasi, "Twalib Hamidu, mpiga gitaa. Nyumba yetu ni ile ya bati jekundu nyuma ya soko." Mwajabu alimpima uzito, akampima presha, akampa vidonge vya damu na kumweleza namna ya kuvimeza. Jina la mume akaliandika kwa mwandiko mzuri. Jioni alirudi nyumbani, akamwekea Twalib chakula, akasubiri anawe mikono, ndipo akamwambia, "Mkeo wa Zinga hajambo, na mtoto amekaa vizuri. Sasa nipe talaka yangu." Alipewa, akarudi kwao Dunda. Hakulia mbele ya mtu, na nyumba ya Bwanausi haikuleta maneno yoyote mtaani. Maneno aliyaleta Twalib mwenyewe, akisema katika kila saluni ya kunyolea kuwa ameachana na mwanamke mwenye mdomo.

Kilichomkera Mwajabu zaidi ni kwamba kaka yake hakumfukuza mtu yule.

"Unamkaribishaje sebuleni mtu aliyenitia aibu?" alimwuliza.

"Talaka ni yenu," Mikdad akasema. "Gitaa ni langu."

Basi kila Twalib alipokuja, Mwajabu alihamia jikoni, akakuna nazi kwa kishindo ili wasikie kuwa yupo. Lakini nazi huisha. Ikiisha, alibaki ameketi juu ya kibao cha mbuzi, mikono mitupu, anasikiliza.

Ndivyo alivyokisikia kwa mara ya kwanza kibao cha mama yao. Bi Raya alipofariki, Mikdad alitunga muziki wa piano na gitaa, usio na maneno, akauita jina la mama: Bi Raya. Mwanzo wake ni mzunguko mfupi, mtulivu, mwanafunzi yeyote angeuweza. Kazi iko katikati. Hapo mkono wa kushoto unakwenda kwa mwendo wa mdundiko, kama ngoma inayopita mtaani na watu wake, na mkono wa kulia unaimba wimbo mwingine kabisa, taratibu, kama mama anayebembeleza mtoto dirishani huku ngoma ile ikipita chini yake. Gitaa nalo linakimbizana na mikono yote miwili. Mpigaji akiusikiliza mkono mmoja tu, wa pili unampotea. Mikdad mwenyewe, aliyekitunga, alikuwa akikosea, anasimama, anatukana kidogo, anaanza upya.

Mikdad akafa ghafla, kwa ugonjwa wa moyo. Twalib alikuja mazikoni, akabeba jeneza, akalia kwa sauti. Mkewe Mikdad, Sabiha, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa bado yumo ndani ya eda siku Mwajabu alipoonyeshwa simu.

"Nesi, hebu ona," alisema mama mmoja kwenye foleni ya kupima watoto. "Si baba yake Sophia huyu?"

Alikuwa yeye, na gitaa lake, katika bustani ya hoteli, na kijana mmoja kwenye kinanda cha umeme. Mwajabu alikitambua kibao kabla hata gitaa halijaingia. Walipiga mwanzo, wakaruka katikati yote, wakaenda mwisho. Chini paliandikwa: Usiku wa Pwani, utunzi wake Twalib Hamidu.

"Anajua kupiga, eti?" yule mama akasema.

"Anajua na kuiba," Mwajabu akamjibu, akamrudishia simu. "Mvue mtoto nguo tumpime."

Siku nzima ile alifanya kazi kimya, na wenzake wakaogopa kuliko siku za kelele. Kaka yake alikuwa hajamaliza hata kuliliwa vizuri, na tayari jina lake limefutwa. Jina la mama yake nalo limefutwa, mahali pake ukawekwa usiku wa kuwauzia wageni wa hoteli.

Eda ilipokwisha, Twalib alikuja mwenyewe Dunda, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Sabiha alimpokea salamu mlangoni, akamwonyesha kiti cha barazani. Ndani hakumkaribisha.

"Shemeji, nimekuja na neno la heri," Twalib akaanza. "Chuo kimeniomba nipige kwenye maonesho yao. Wanakitaka kibao kizima, si kipande. Sasa yule kijana wangu wa kinanda, Farhan, katikati pamemshinda. Kajaribu, kajaribu, kapanda gari karudi Dar. Nasikia marehemu alijirekodi kwenye simu yako. Ukinipa nakala, nitamtafuta mwingine ajifunze."

Mwajabu alitokea ndani, khanga begani.

"Kibao kipi hicho, Bwana Twalib? Usiku wa Pwani? Uliutunga usiku upi, ule uliokuwa Zinga au ule uliosema uko Dar?"

"Mama Sophia, hayo ya zamani."

"Mama Sophia ni jina langu kwa watu wanaoniheshimu. Wewe niite Bi Mwajabu."

Twalib alivuta pumzi. "Haya, Bi Mwajabu. Mnaniita mwizi, nimesikia, mji huu hauna siri. Lakini gitaa la kibao kile, kila sauti iliyomo, nimelitunga mimi. Mikdad alikuwa akipiga piano yake, ananiambia, 'Twalib, nifuate.' Nimemfuata miaka mingapi? Nusu ile ni yangu."

"Nusu yako chukua, hakuna aliyeigusa. Jina la mama yangu ulilitunga wewe?"

"Wageni hawamjui Bi Raya."

Mwajabu akajifunga khanga kiunoni. Sabiha aliweka kikombe chake chini, maana alimjua wifi yake.

"Rekodi hutaipata," Mwajabu akasema. "Nitapiga mimi."

Twalib akacheka, tena kicheko cha kweli. "Wewe? Kwa vidole hivyo? Farhan amesomea kazi hii, imemshinda. Utajifunzia wapi, juu ya mizani ya watoto?"

"Nikikipiga mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, utashika kipaza sauti mbele ya watu wote, utakitaja kwa jina lake, utamtaja na aliyekitunga."

"Ukisimama?"

"Nikisimama, kiite utakavyo. Sitafungua mdomo wangu tena juu ya jambo hilo, na rekodi nitamwomba Sabiha akupe."

Twalib akamgeukia mjane. "Shemeji, wewe ni shahidi."

"Ni shahidi," Sabiha akasema. "Na mazoezi yatafanyika humu ndani, nikiwepo. Nyinyi wawili hamuachwi peke yenu chumbani, kwa sheria ya dini na kwa usalama wa gitaa lako."

Twalib alipoondoka ndipo Mwajabu akaketi, akaitazama mikono yake. Mwanzo aliujua, na mwisho aliujua. Katikati hakuwahi kuigusa. Alikuwa ameweka rehani jina la mama yake kwa hasira ya dakika moja.

Alianza na mkono wa kushoto peke yake. Sabiha alimwekea rekodi, naye akawa anasikiliza kipande kidogo, anakirudisha, anakirudisha tena, mpaka Sabiha akahamia chumba cha nyuma. Mwendo wa mdundiko aliujua tangu utotoni, kwa miguu. Kuuhamishia vidoleni ndiko kulikomtesa. Zahanati akawa anaupiga pembeni mwa meza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiandika kadi, na daktari msaidizi akamwomba kwa adabu aende akapimwe mishipa. Alipoona mkono wa kushoto umeshika, akaleta wa kulia, na wote wawili wakaharibika papo hapo, kama wake wenza waliokutanishwa jiko moja. Wa kulia ulianza kufuata ngoma. Wa kushoto ulianza kuimba.

Alikuja kugundua dawa yake mwenyewe. Aliimba ule wimbo wa juu kwa mdomo, kwa sauti ndogo, huku mkono wa kushoto unapiga ngoma. Mdomo ulipozoea, akaupa mkono wa kulia kazi ya mdomo. Kuna mahali kaka yake alinyoosha mkono akashika sauti za mbali kwa mara moja, na vidole vya Mwajabu havikufika hata kwa kulazimisha. Basi akazivunja: akaanza na ya chini, akaiacha iendelee kulia kwa kukanyaga pedali, kisha akaruka kwenye ya juu. Haikuwa kama ya Mikdad. Lakini ilishika, haikuanguka.

Twalib alipokuja mazoezini, jambo la kwanza alilofanya ni kulegeza nyuzi za gitaa lake. Piano ile ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi, na Mikdad aliogopa kuzikaza nyuzi zake zisije zikakatika, akaiacha yote ikae chini kwa nusu ya sauti. Mtu wa gitaa aliyekuja pale alishusha gitaa lake aikute. Sabiha alikuwa kitini kwake, anasoma gazeti ambalo hakuligeuza ukurasa.

Walianza. Mwanzo ulikwenda. Katikati wakaingia, na Twalib, ambaye alikuja tayari kucheka, akakosa cha kuchekea. Alikunja uso, akawa anapiga kweli. Kisha wakafika mahali ambapo Mwajabu aliona fahari kuliko pote. Palikuwa na mruko wa ajabu, sauti moja iliyochomoza pembeni na kurudi haraka. Ulimchukua siku nyingi kuliko kitu kingine chochote, na mara moja alikaribia kulia juu yake. Akaupiga sawasawa kabisa na ulivyo kwenye rekodi.

Twalib akaliweka gitaa chini, akashika tumbo.

"Nini?" Mwajabu akauliza.

"Paka!" Twalib akasema, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Hapo Mikdad alirukiwa na paka miguuni, mkono ukateleza! Nilikuwepo mimi! Bi Mwajabu, umejifunza paka! Umemjifunza mpaka mkia!"

Gazeti la Sabiha lilipanda juu likamfunika uso.

Mwajabu aliondoa mikono juu ya piano. Kilichomuuma si kicheko. Alikuwa ameupenda ule mruko, akadhani ni siri ya kaka yake ambayo yeye peke yake ameipata.

"Ilitakiwa iweje?" hatimaye akauliza, na lilikuwa swali la kwanza kumwuliza mtu yule tangu talaka.

"Hilo halimo kwenye mapatano yetu," Twalib akasema, anajifuta macho. "Tafuta."

"Basi piga gitaa lako. Hilo limo."

Akapiga, kwa kiburi, na hapo ndipo alipokosea. Gitaa la Twalib lilitungwa kumfuata Mikdad, na mahali pale liliacha nafasi ndogo wazi ya kupita piano. Mwajabu alimwambia arudie. Akarudia. Mwajabu akaisikia ile nafasi ilivyo, na sauti gani tu ingeweza kukaa humo. Akaiweka. Twalib akaanza kufunga gitaa lake kwenye mfuko.

"Piano ya chuo imekazwa sawasawa," Sabiha akamwambia alipokuwa anavaa viatu. "Usisahau kupandisha nyuzi."

"Shemeji, nilianza gitaa wewe ukiwa bado unawafundisha watoto kujumlisha."

Siku ya maonesho ukumbi ulijaa baada ya swala ya Alasiri. Walikuwepo walimu, wanafunzi, wageni wachache, na watu wengi wa mjini ambao hawakujali muziki wa piano hata kidogo. Hao walikuja kuwatazama watalaka wawili wakikaa jukwaa moja. Sabiha alikaa mstari wa mbele. Mwajabu alipanda na buibui lake, akavuta kiti mbele, maana miguu yake nayo ilikuwa mifupi, na wasichana fulani wakacheka. Akawatazama. Wakaacha.

Alianza mzunguko wa mwanzo. Piano ya chuo ilikuwa na sauti kubwa na safi, kila sauti ilitoka kama imeoshwa. Gitaa likaingia.

Lilikuwa chini. Nusu ya sauti chini, kama siku zote za Dunda. Viliposikika pamoja, ukumbi mzima ulikunja uso, hata wasiojua muziki, kama watu walioonja maziwa yaliyochacha. Mwajabu aligeuza jicho. Twalib alikuwa anatazama dari, na pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kitabasamu.

Alielewa papo hapo. Mikdad angesimama. Mpiga muziki yeyote mwenye masikio angesimama, akamwambia mwenzake apange nyuzi, wakaanza upya, na hakuna ambaye angewalaumu. Mapatano yao lakini yalikuwa ni bila kusimama. Asiposimama, watakwenda hivyo hivyo mpaka mwisho, na kibao cha mama yake kitasikika mbele ya mji kama vyombo vinavyoanguka kabatini.

Vidole vyake vilifika mwisho wa mzunguko, mahali pa kuingilia katikati. Hakuingia. Alirudi mwanzo, akauzungusha tena, kwa utulivu ule ule, kama mtu anayepepea mkaa. Gitaa likaingia tena, chini tena. Akazungusha tena.

"Twalib!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Gitaa lako limelewa?"

Watu wakacheka. Twalib akaacha kutazama dari. Alingoja Mwajabu asimame, na Mwajabu hakusimama. Alipiga tena kidogo, na safari hii makelele yakawa makubwa, mtu mwingine akamwomba Mungu amponye. Mwajabu, bila kugeuza kichwa, na kwa sauti ya kliniki inayofika hadi mtu wa mwisho kwenye foleni, akasema:

"Kaza nyuzi, Bwana Twalib. Nakusubiri."

Akasubiri akipiga. Ikabidi Twalib ainame mbele ya watu wote akaze uzi mmoja mmoja, akiuoanisha na piano ya mtalaka wake, na kila uzi uliopatana watu waliushangilia kama bao. Mzunguko ule mfupi uliokwenda na kurudi uliwakaa watu miguuni, wakaanza kuupigia makofi. Bibi mmoja akapiga kigelegele. Twalib alipomaliza, masikio yake yalikuwa mekundu, na aliingia kwa sauti safi kabisa, kwa sababu mambo yote ukiyaweka pembeni, mtu yule alijua gitaa.

Wakaingia katikati, naye akaanza kukimbia. Alikuwa na hasira, akataka kumkokota. Mwajabu hakukokotwa. Mkono wake wa kushoto ulishika mwendo wa mdundiko, na mdundiko ni ngoma ya kutembea, haikimbii. Mkono wa kulia ulibembeleza juu yake. Gitaa lilitangulia mbele peke yake, likajikuta halina mtu, likalazimika kurudi. Pale pa sauti za mbali Mwajabu alizivunja kama alivyozoea. Baadaye kidogo alikosa sauti moja, kosa la kweli, lisilo na paka, na moyo ukamruka. Mikono haikuruka. Ilikwenda mpaka ikatokea upande wa pili, ikaufikia mwisho, ikaukamilisha.

Makofi yalikuwa makubwa. Mwajabu hakuinuka kitini. Alimtazama Twalib, na ukumbi wote, ambao ulikuwa umeshasikia habari za mapatano kutoka kwa yule asiyejulikana ambaye husambaza kila kitu hapa mjini, ukamtazama Twalib pia.

Alichukua kipaza sauti. "Ahsanteni sana. Kibao hiki tulichowapigia..." Alikohoa. "Kinaitwa Bi Raya."

Watu wakapiga makofi. Mwajabu alibaki kitini.

"Kimetungwa na marehemu shemeji yangu, Mikdad."

Mwajabu aliegemea mbele mpaka mdomo wake ukafika karibu na kipaza sauti alichokishika Twalib.

"Mikdad Bwanausi," akasema. "Na si shemeji yako."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Twalib alingoja kitulie, uso umemkauka, na alipoona hakuna namna akarudia lile jina lote, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Mikdad Bwanausi. Mwana wa Bi Raya."

Hapo Mwajabu akaomba kipaza sauti kwa kunyoosha mkono tu. Twalib alisita kumpa.

"Gitaa amelitunga yeye, Twalib Hamidu," Mwajabu akawaambia watu. "Lote. Kwetu hatuchukui cha mtu."

Akamrudishia. Hakulisema kwa hisani, na Twalib, aliyeanza kufungua uso, aliliona hilo machoni mwake akaufunga tena.

Nje, watu walipokuwa wanatawanyika, Twalib alimfuata Mwajabu mpaka kwenye ngazi ambako Sabiha alikuwa anamngoja wifi yake.

"Bi Mwajabu. Umepiga vizuri, sikatai. Kuna watu wa Dar wamenifuata sasa hivi, wanatutaka wote wawili. Tukipige tena."

"Mtafute Farhan."

"Farhan hawezi, na wewe unajua."

"Basi mfundishe. Mwambie ajihadhari na paka." Alishuka ngazi, akasimama chini, akageuka. "Na lile jina kwenye simu za watu, libadilishe kabla sijafika nyumbani. Natembea kwa miguu, nimekupa muda."

Alilibadilisha. Mwajabu alipofika Dunda na kumwomba Sabiha afungue simu, palikuwa pameandikwa Bi Raya, utunzi wa Mikdad bwanausi, gitaa Twalib Hamidu. Alisoma mara moja, akasema B ya Bwanausi ameiandika ndogo, na akamtumia ujumbe wa maneno mawili kumwambia hivyo.